Pigo la Nne

Nyumba ileile, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Septemba,
Saa tisa alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Betri,

Pokea salamu za dada yako, na kabla hujaikunja barua hii na kuiweka kando, nijibu kwanza: hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho nilisikia unalala sakafuni kwa sababu godoro linakuumiza, na mtu anayeshinda kwenye mashimo ya lifti akizitengeneza, akiinama na kuinuka, hawezi kufanya mchezo na uti wa mgongo. Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, ambaye nasikia ametimiza miaka minne na anauliza maswali mpaka mnajifungia chooni, naye hajambo? Hayo maswali ameyarithi kwako, usimsingizie mama yake.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, na miwani nimebadilisha mara mbili mwaka huu, lakini kwa umri wangu sina haki ya kulalamika. Nyumba nayo haijambo. Bomba la jikoni bado linavuja palepale ulipolifunga kwa mpira wa baiskeli. Nimeita mafundi watatu, na kila mmoja alipouona ule mpira aliuliza ni nani aliyefanya maajabu haya. Sikuwaambia. Nikawalipa chai yao, wakaenda, na mpira nimeuacha.

Unashangaa kwa nini naandika kwa kalamu kama watu wa zamani. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ni miezi kumi na moja sasa tangu siku tuliyomzika mama, niliporudi nyumbani na udongo ungali kwenye viatu, nikakupigia na kukwambia kwamba kama hukuja kumzika mama, usije kunizika na mimi. Nilisikia unavyopumua, kisha simu ikakatika. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa na wembe.

Hilo nitalirudia, usidhani nalikwepa. Kwanza nikupe habari iliyonikuta wiki hii, kwa sababu inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote, na nimezunguka nayo siku tano nisimpate wa kumweleza. Hapa ndani sina mtu. Asubuhi nafungua redio chumbani kwa mama ili nikiwa jikoni nisikie kama kuna anayezungumza, na bado napika chakula cha watu wawili, kisha nakila siku mbili.

Kazi yangu haijabadilika. Bado niko chumba cha nota cha okestra, kule chini ya jukwaa, pamoja na makabati ya chuma na mashine ya kunakili inayopumua joto kama mgonjwa. Kabla ya mazoezi naweka kurasa za kila mpigaji kwenye stendi yake. Mazoezi yakiisha nazikusanya na kufuta walichoandika. Wapiga fidla huandika kwa adabu. Wapiga tarumbeta huchora kichwa cha kondakta anayewaongoza kwa kijiti, na nikikifuta leo kesho nakikuta kimeongezwa masikio.

Kondakta wetu mpya hujamjua. Tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu akianza kusema hana nukta wala mkato, anakwenda moja kwa moja mpaka wengine wanakaa. Lakini mtu mwema. Ni yeye aliyeleta wazo kwamba safari hii tufanye tamasha zima la muziki wa gemu. Naam, gemu za video, zile zilizotufanya tufokewe! Mpiga sello mkuu alisema hakusoma miaka kumi na minne aje kupiga milio ya vitufe. Basi zikaja nota, nikamwona amejifungia peke yake akifanya mazoezi mpaka jasho linamtoka. Kumbe milio ya vitufe si lelemama. Na tiketi ziliisha kwa siku mbili, jambo ambalo halijatokea tangu niajiriwe.

Nota nyingi zilikuja zikiwa tayari zimepangwa kwa ajili ya okestra. Lakini Bwana Nukta alikuwa ameweka kisanduku pale mlangoni, wasikilizaji waandike wimbo wautakao. Siku moja akashuka chini kwangu na furushi la vikaratasi. Watu zaidi ya mia mbili, kila mmoja kwa mwandiko wake, walikuwa wameomba wimbo mmoja mdogo ambao hakuna aliyewahi kuuandikia okestra. Ni ule wa chumbani, Betri. Wa gemu yetu.

Nilikaa juu ya boksi la karatasi. Nilidhani ule wimbo ni wetu. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Gemu iliuzwa dunia nzima na sisi tulikuwa watoto wawili wa mama mpiga pasi, tena yetu yenyewe tuliachiwa na mteja wake aliyehama. Lakini ndivyo nilivyodhani miaka yote.

Unakikumbuka kile chumba? Kitanda, taa, chungu, na mlango upande wa kulia. Msafiri na fuko lake mgongoni amesimama katikati. Nje kulikuwa na popo na yale majitu ya mawe, na wewe hukutaka kutoka. Wewe ulishika padi ya kuchezea, mimi nilishika kalamu nikichora ramani kwenye daftari la hesabu, lakini ramani ya wapi? Tulikuwa tukikaa mlemle chumbani. Jumamosi nzima. Na wimbo ukifika mwisho unarudi mwanzo, unafika mwisho unarudi mwanzo, na mama nyuma yetu akipiga pasi mashuka ya watu na kuufuata kwa pua, mm-mm, mpaka pasi ikawa inakwenda na kurudi nao. Na kaseti yenyewe ya gemu ilibandikwa picha ya gari la zimamoto! Ulilisubiri hilo gari miaka miwili. Kila tukiwasha ulikuwa ukisema, leo litatokea.

Bwana Nukta akaniuliza kama naweza kuupanga. Nikamwambia naweza. Akasema atanitafutia rekodi yake niisikilize. Nikamjibu sihitaji, ninao kichwani, hata mkiniamsha usingizini nitawapigia. Hapo ndipo nilipojipalia makaa, lakini moshi nilikuwa sijauona.

Niliandika kwa wiki tatu, hapa hapa mezani. Fidla nikazipa ile sauti ya juu uliyokuwa ukiimba wewe, sello nikazipa ya chini iliyokuwa yangu. Filimbi nikazipa taa. Usicheke, ile taa ilikuwa ikipepesa, na mimi nilijua inapepesa vipi. Kazi ngumu ilikuwa mwisho. Wimbo wa gemu hauna mwisho, unazunguka tu mpaka mchezaji atoke mlangoni, lakini okestra haiwezi kuzunguka mpaka asubuhi, watu wana makwao. Mpangaji lazima aubuni mwisho. Siku nne nilikaa na penseli nisiweze, mpaka nikaelewa kwa nini. Mimi na wewe hatukuwahi kutoka mlangoni. Wimbo wetu uliishia pale mama alipoweka pasi chini, akapita katikati yetu, akazima televisheni na kusema mkale. Mama ndiye alikuwa mwisho wake.

Hilo huwezi kuliandika kwenye nota. Bwana Nukta alitaka ngoma kubwa na matarumbeta, nikampa ngoma kubwa na matarumbeta.

Jumanne ndiyo yalikuwa mazoezi ya kwanza. Nilisimama mlangoni mwa jukwaa nimevaa ile blauzi ya bluu, nikajipaka na mafuta, kama vile ni mimi nitakayepigiwa makofi. Wakaanza. Mdogo wangu, kuusikia wimbo ule kwenye fidla ishirini! Nilishika fremu ya mlango. Wakafika mwisho wa mzunguko, wakarudi mwanzo, na nusu yao wakayumba. Bwana Nukta akasimamisha. Wakaanza tena, wakayumba palepale.

Kuna binti anapiga tarumbeta la pili, mwembamba, wenzake wanamwita Sindano. Akanyanyua mkono.

"Samahani, mama. Hapa pamepungua pigo."

"Halijapungua," nikamjibu kutoka mlangoni.

"Kipimo cha mwisho, kabla ya kurudi mwanzo, umeweka mapigo matatu. Wimbo una manne."

"Mwanangu, wimbo huo nimeujua kabla mama yako hajajua kama atakuzaa."

Watu wakacheka, nami nikaona nimeshinda. Bwana Nukta akaniuliza, kwa maneno machache kuliko kawaida yake, kama nina hakika. Nikala kiapo mbele ya watu sabini kwamba kama kuna pigo la nne nitapanga stendi zote peke yangu mwezi mzima. Ndiyo kazi yangu hata hivyo, lakini wakati ule nilikiona kiapo kikubwa.

Sindano hakubishana. Alitoa simu yake, akatafuta, akaiweka kwenye kipaza sauti cha mbele. Na ukumbi mzima ukasikiliza kile chumba chetu.

Kulikuwa na pigo la nne, Betri.

Lilikuwa wazi kabisa. Tatu, nne, ndipo unarudi mwanzo, kwa utulivu, kama mtu anayevuta kiti kabla ya kukaa. Sisi wa kwetu ulikuwa ukirudi kwa kujikwaa. Unakumbuka tulivyokuwa tukiruka pamoja kila ulipofika pale, mpaka mama akatukataza kwa sababu ya sakafu? Tulikuwa tunaruka pengo. Nilisikiliza mizunguko mitatu nikingoja ujikwae, na haukujikwaa. Nilihisi nimeingia nyumba ya mtu mwingine, vyombo vyote mahali pake, na mimi nimesimama na ufunguo wangu mkononi.

Yule binti alinieleza baadaye, kwa heshima, wala hakunicheka. Kumbe zilikuwako kaseti bandia zilizonakiliwa, na walionakili walipokosa nafasi ndani ya kaseti walikuwa wakimega: hapa picha, pale kipande cha muziki. Akaniuliza kaseti yetu ilikuwa na picha gani juu. Nikamwambia gari la zimamoto. Alijaribu kuzuia kicheko akashindwa, na mimi nikacheka naye, kwa sababu asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini niliposhuka kule chini nilifunga mlango wa chumba cha nota, nikaketi, na kicheko kikaniisha.

Siku iliyofuata nilikaa na kurasa zote sabini. Ufutio, penseli, kalamu. Nafuta mstari wa kipimo, naongeza pigo, nachora mstari upya, ukurasa unaofuata. Ni kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kufuta makosa ya watu, na haijawahi kuniuma. Safari hii iliniuma mkono mpaka moyoni. Kila nilipoongeza lile pigo nilikuwa naisikia pasi ya mama, ile ya kwetu, inayorudi mapema. Miaka yake ya mwisho alikuwa hashiki tena pasi, lakini akiketi kitandani alikuwa bado anaufuata kwa pua, na akifika pale alikuwa anajikwaa nao. Hata kwenye kitanda cha hospitali alijikwaa nao. Muuguzi alidhani pumzi imempaa.

Jana alasiri ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kwa kuwa nilipanga wimbo mmoja nilipewa tiketi mbili, safu ya kumi na moja, katikati. Nilijua sina wa kumpa ya pili. Jirani yangu mshona viatu alisema angekuja, lakini masikio yake yamechoka na sikutaka kumlazimisha. Nikaweka mkoba wangu kwenye kile kiti. Bwana mmoja akauliza kama kina mtu, nikamwambia kina mtu. Sikuona kama ni uongo.

Ningependa ungewaona wale watu. Nilitegemea vijana, na vijana walikuwapo, lakini kulikuwa na watu wa rika letu, wenye mvi na matumbo, baba na watoto wao, mtu na nduguye. Mbele yangu walikaa wanaume wawili wanaofanana pua, na kila wimbo ulipoanza mmoja alimpiga mwenzake kiwiko. Viwiko hivyo niliviona saa mbili nzima.

Wimbo wetu uliwekwa karibu na mwisho. Ulipoanza, ukumbi ulitoa pumzi moja, watu elfu mbili. Ulipigwa vizuri sana, sitakuficha. Filimbi ilipepesa vilevile, na yule wa sello aliyedharau vitufe alifumba macho. Kisha Bwana Nukta akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Aligeuka, akawanyooshea watu mikono waufuate kwa sauti. Na wakaufuata wote, taratibu, kwa pua, kama mama.

Nikafungua mdomo na mimi. Nikaimba ya chini. Wimbo ukafika mwisho wa mzunguko, nami nikarudi mwanzo, peke yangu, pigo moja kabla ya watu elfu mbili.

Mmoja wa wale ndugu wawili aligeuka akanitazama, akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyekosea. Nikajaribu mzunguko wa pili. Nilijua, Betri! Nilikuwa nimeliandika lile pigo mara sabini kwa mkono wangu. Lakini mwili ulikataa, ukaruka pengo. Mzunguko wa tatu nilifunga mdomo. Nikasikiliza watu waliokulia vyumba vya kila aina, ambao hawajuani, wote wakingoja pigo moja mahali pamoja, na mimi niliyewaandikia sikuweza kungoja nao. Sijawahi kuwa mpweke kama jana, na nimeshakuwa mpweke vya kutosha mwaka huu. Nililia pale pale, kimya, nikiushika mkoba uliokuwa kwenye kiti chako.

Makofi yalipopigwa waliniita nisimame. Nikasimama, nikainama. Sindano alinipungia mkono kutoka nyuma ya tarumbeta. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka kuongea na mtu.

Sasa nirudi kwenye lile jambo.

Mama mdogo alikuja kunitazama wiki mbili zilizopita, tukachambua nguo za mama, na katikati ya kukunja akaniambia ulichomkataza asiniambie. Kwamba karatasi zako za kukaa huko ughaibuni bado hazijakamilika. Kwamba ungetoka kuja kuzika usingeruhusiwa kurudi, na mke na mtoto wangebaki upande wa pili. Na kwamba siku ile ya maziko ulikwenda kazini kama kawaida, ukaingia kwenye lifti ya jengo fulani, ukaizima katikati ya ghorofa mbili, ukakaa ndani saa nzima mpaka wakampigia wifi yangu aje akusemeshe kupitia mlangoni.

Na mimi nilikupigia jioni ileile.

Kwa nini hukuniambia? Najua jibu. Ningelia, ningempigia kila mtu, ningekuja huko na daftari la ramani. Ukaona bora nikudhanie mbaya. Hukuwa mwoga, mdogo wangu. Umesimama ndani ya chumba chenye mlango ambao ukitoka haufunguki tena, na mle ndani wamo watu wako. Hata mimi nisingetoka.

Nilikosa. Nilisema neno baya kwa mtu aliyekuwa analia mbali nami, nikalisema kwa sababu nilikuwa nimebeba jeneza peke yangu na nilitaka nawe uumie. Umeumia vya kutosha. Nisamehe. Majuto ni mjukuu, na huyu wa kwangu amekuja mapema, amekaa kwenye kiti cha mama na haondoki.

Na ujue hili, maana kwa hasira zangu sikukwambia: mama hakukulaumu hata dakika moja. Wiki ile ya mwisho kila nilipoingia aliuliza kama Betri amekula. Nilimwambia umekula. Akasema basi vizuri, akageuka ukutani.

Mama mdogo anakusalimu sana, anasema umtumie picha ya mtoto ambayo kichwa hakijakatwa. Mshona viatu anakusalimu. Bado anasimulia ulivyomrekebishia kengele ya mlango ikawa inalia mtu akitoka badala ya kuingia. Sindano, ambaye hakujui, anakusalimu pia, kwa kuwa nilimweleza juu ya gari la zimamoto. Mpe wifi yangu mkono, mwambie namshukuru kwa kukusemesha kupitia ule mlango. Mbusu mtoto, mwambie ni kutoka kwa shangazi yake.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi moja ya nota. Nilisahihisha kurasa sabini. Hii niliiandika upya juzi na sikuisahihisha. Ni wimbo wetu wenye kilema chake, mapigo matatu mwishoni, sauti mbili tu. Ya juu ni yako. Hujui kusoma nota, lakini hutahitaji, iweke tu kwenye droo ijulikane iko. Mwisho sikuuandika, kwa sababu aliyekuwa akiuzima hayupo.

Duniani tulikuwa watu watatu tunaoujua hivi. Tumebaki wawili. Mfundishe binti yako, Betri, kabla hajausikia ule wa watu wote. Mfundishe mahali pa kuruka.

Na unipigie. Namba ni ileile. Sitaki useme kitu, wala usinieleze, wala usiniambie umenisamehe kama bado. Anza tu kuimba, hata kama ni kutoka ndani ya lifti. Mimi nitaingia na ya chini. Tukifika mwisho wa mzunguko nitarudi mapema, kama nilivyorudi jana, na nitasikiliza kama kuna aliyerudi pamoja nami.

Mola akushike katika kila lifti unayoingia, akupandishe salama na kukushusha salama, na ule mlango wa karatasi akufungulie pande zote mbili.

Akupendaye leo kama Jumamosi zile,
Dada yako, mshika kalamu.